Taslimu au rehani? Kariakoo ilishajibu zamani

Wakae vijana watatu wenye ajira mjini hapa, mmoja awe ametoka kununua kiwanja Bunju au Kigamboni, na mazungumzo hayachelewi kufika kwenye nyumba za kupangisha. Hapo ndipo kambi zinapogawanyika. Wa kwanza anasema mkopo wa benki ni kitanzi, jenga kwa fedha yako, tofali moja moja, hata ichukue miaka kumi. Wa pili anasema huo ni ushamba, wenzetu wanatajirika kwa fedha za benki, mpangaji ndiye anayelipa deni na wewe unabaki na hati. Wa tatu anaagiza soda nyingine kwa sababu yeye hana kiwanja wala sifa za kukopa.

Kinachonishangaza, wadau, ni kwamba ubishi huu unaendeshwa kana kwamba Dar es Salaam ilizaliwa juzi. Mji huu una wenye nyumba na wapangaji kwa zaidi ya miaka mia moja. Wameshajaribu fedha taslimu, wameshajaribu rehani, wameshafilisiwa kwa njia zote mbili. Ukitaka ushahidi huhitaji maktaba. Shuka Posta Mpya, pita Zanaki, Jamhuri na Indira Gandhi, vuka Barabara ya Bibi Titi, katiza Mnazi Mmoja, vuka Lumumba, umeingia Kariakoo. Hata nusu saa haiishi.

Ukiwa Uhindini inua macho. Kati ya maghorofa mapya ya vioo bado utakuta nyumba za ghorofa mbili tatu, zenye roshani, rangi imechubuka, na juu ya mlango yameandikwa jina la familia na mwaka, 1930 na kitu au 1950 na kitu. Sasa vuka uingie Kariakoo, sehemu ambayo wakoloni waliitenga kwa ajili ya Waafrika wasio na kitu. Mitaa ya Aggrey, Sikukuu, Narung'ombe na Livingstone imejaa maghorofa yaliyobanana mpaka jua linafika chini kwa kubahatisha. Imekuwaje upande wa matajiri ukabaki na nyumba nyingi za zamani, na upande wa maskini ukapanda juu? Jibu lake ndilo jibu la ule ubishi wa taslimu na rehani, au angalau sehemu yake kubwa.

Kwanza tuondoe dhana moja. Rehani haikuletwa na benki za kizungu. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na pwani hii imeweka rehani mashamba, vito na nyumba tangu zamani. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na utaratibu ulioitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba la karafuu akihitaji fedha anamuuzia mkopeshaji shamba au nyumba, lakini anabaki na haki ya kuirudisha akilipa fedha ileile ndani ya muda waliokubaliana. Haondoki. Anaendelea kukaa mlemle, ila sasa analipa kodi kama mpangaji kwenye nyumba yake mwenyewe. Riba ni haramu, kodi ni halali, na kila aliyekuwepo barazani alijua kinachoendelea. Wakopeshaji wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, na mashamba mengi ya Waarabu yaliishia kuzama kwenye madeni ya namna hiyo. Kwa hiyo Sultani Majid alipoanza kuujenga mji huu miaka ya 1860, watu wa pwani walikuwa wanajua vizuri kwamba nyumba inaweza kuwa dhamana, na kwamba dhamana inaweza kuondoka.

Wakaja Wajerumani, wakaanza kuugawa mji kwa aina za majengo. Waingereza wakaukamilisha mgawanyo: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati kwenye biashara, Waafrika ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja. Ardhi ya Kariakoo ilikuwa shamba ambalo serikali ya Wajerumani ililinunua muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili kuwahamishia Waafrika. Vita vikaingia, Waingereza wakaliweka hapo jeshi la wapagazi, Carrier Corps, na jina likabaki mdomoni mwa watu mpaka leo.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi wanalipita. Tofauti kubwa kati ya Uhindini na Kariakoo haikuwa udongo na saruji, ilikuwa karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya nchi chini ya mamlaka ya Gavana. Mhindi mwenye kiwanja mjini aliweza kupata hati ya miaka mingi, na hati ya miaka mingi ndiyo benki inayoitaka. Mwafrika wa Kariakoo alipewa kibali cha muda mfupi, analipia kiwanja chake na kuishi kwa huruma ya ofisi. Nyumba ni yako, lakini ardhi iliyo chini yake unaweza kuambiwa uiachie. Benki gani itakukopesha juu ya hiyo? Na kama hilo halikutosha, mwaka huohuo wa 1923 ikatungwa sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali hawezi kwenda kumdai mahakamani. Walisema ni kumlinda Mwafrika asinyonywe. Huenda walimaanisha hivyo. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika alifungiwa nje ya mkopo rasmi, akaachiwa mkopo wa mlango wa nyuma.

Na wa mlango wa nyuma ulikuwepo, tena mwingi. Mapambo ya dhahabu yaliwekwa dukani, na nyumba ziliwekwa rehani kwa wenye maduka. Mdororo wa uchumi ulipobana miaka ya 1930, nyumba za Waafrika zilinadiwa kwa madeni, na Wahindi wakazidi kumiliki nyumba ndani ya Kariakoo yenyewe. Ukisikia mzee wa Gerezani au Kariakoo anakwambia "mwanangu, usiweke nyumba rehani", usidhani ni woga wa mtu asiyejua hesabu. Kuna mtaa mzima uliofundishwa hivyo.

Basi wakajenga kwa taslimu. Ila tuelewane kuhusu hiyo taslimu, maana haikuwa fungu la fedha kwenye sanduku. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna jiko na choo. Unaanza na chumba kimoja au viwili, miti na udongo, makuti juu. Unahamia. Kingine unapangisha. Kodi ya hicho inasaidia kusimamisha cha tatu. Makuti yanatoka, yanakuja madebe yaliyonyooshwa, baadaye bati. Mpaka vyumba sita vimekamilika, mwenye nyumba analala kimoja na vitano vinamlisha. J.A.K. Leslie, ofisa wa Kiingereza aliyeufanyia mji huu uchunguzi miaka ya 1956 na 1957 (kitabu chake kilitoka 1963), aliukuta mtindo huu wa vyumba sita umeenea uswahilini kote, na kati ya wenye nyumba walikuwemo wanawake wengi. Mwanamke asiye na mshahara, asiye na hati, asiye na benki, lakini ana vyumba vitano vya kupangisha. Ukiniuliza mimi, hao ndio wawekezaji wa kwanza wa nyumba katika mji huu wanaostahili somo kwenye vyuo vyetu, na sijaona somo hilo.

Ng'ambo ya pili ya Mnazi Mmoja mambo yalikwenda tofauti. Wahindi walikuwa na hati, kwa hiyo walikuwa na benki. Zaidi ya benki walikuwa na jumuiya. Mwaka 1946 Aga Khan wa Tatu alipimwa kwa almasi hapahapa Dar es Salaam, katika sherehe ya miaka 60 ya uimamu wake. Kutokana na jubilii hiyo ikapatikana Diamond Jubilee Investment Trust, mfuko wa kuwakopesha Waismailia wa Afrika Mashariki, ambao baadaye uligeuka kuwa benki ya Diamond Trust. (Ndiyo, ni jubilii hiyohiyo iliyolipa jina lile jumba la Upanga mnalokwenda kwenye matamasha.) Kwa mikopo ya namna hiyo na kwa vyama vya ushirika zilijengwa nyumba nyingi Upanga. Mjini kati ilikuwa kawaida kuona duka chini, familia ya mwenye jengo ghorofa ya kwanza, wapangaji juu yao. Kodi inalipa deni, deni likiisha unajenga jingine. Yaani ile hoja ya rafiki yetu wa pili, neno kwa neno, ilikuwa inatekelezwa Mtaa wa Jamhuri kabla baba yake hajazaliwa.

Halafu siasa ikaingia kwenye hesabu.

Azimio la Arusha, 1967. Wengi tunakumbuka mabenki na mashamba ya mkonge. Lakini katika masharti ya uongozi kulikuwa na moja la nyumba: kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na nyumba ya kupangisha. Kupangisha nyumba kuliwekwa kapu moja na ubepari na ukabaila. Aliyetaka cheo aliachana na nyumba zake, au alitafuta ujanja wa kuziandika kwa jina la mwingine. Sharti hilo lilikuja kulegezwa na Azimio la Zanzibar, 1991.

Pigo lenyewe lilikuja Aprili 1971, ilipopita sheria ya kutwaa majengo. Jengo linalopangishwa, lote au sehemu, na lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, lilikuwa mali ya serikali. Karibu majengo 3,000 yakachukuliwa nchi nzima, sehemu kubwa sana yakiwa ya Waasia, na yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Familia nyingi zilifungasha, zikaenda Uingereza, Kanada na kwingineko.

Angalia jinsi fidia ilivyopangwa, kwa sababu hapa ndipo mjadala wetu unapopata funzo chungu. Fidia ilitegemea umri wa jengo. Jengo jipya lilikadiriwa fidia, na kadiri miaka ilivyoongezeka ndivyo ilivyopungua. Jengo lililozidi miaka kumi halikuwa na fidia, kwa hoja kwamba mwenyewe ameshajilipa kwa kodi. Fikiria basi aliyejenga mwaka 1955, akadunduliza, akamaliza deni lote, akakaa akijua sasa ni salama kabisa, hadaiwi na mtu. Huyo hakupata kitu. Sisi tumezoea kuamini kwamba nyumba isiyo na deni haiwezi kuondoka. Mwaka 1971 ziliondoka maelfu. Benki haikuhusika, hakukuwa na mnada, na hakuna aliyekuwa amechelewesha marejesho.

Najua wapo watakaosema nawatetea wanyonyaji. Mimi mwenyewe nimepanga, najua ladha ya mwenye nyumba anayegonga mlango tarehe moja alfajiri. Na Mwalimu alikuwa na hoja: mji mkuu wa nchi huru, ambao mitaa yake ya katikati karibu yote ni ya kundi moja dogo, ulikuwa ni kidonda cha siasa. Sibishani na nia. Nafuatilia majengo tu, nani alibaki na nini.

Na aliyebaki ni nani? Ni yule bibi wa vyumba sita! Nyumba ya miti na udongo Mtaa wa Nyamwezi haikuwa na thamani ya shilingi laki moja hata ungeipamba vipi. Majengo ya Waasia yaliyokuwa ndani ya Kariakoo yalichukuliwa, lakini vibanda vya Waafrika viliachwa. Unyonge wa jengo ukaiokoa familia. Hivyo Uhindini na Posta zikajaa majengo ya serikali yenye wapangaji wa kodi ya chini, na Kariakoo ikabaki na mamia ya viwanja mikononi mwa watu binafsi. Msajili wa Majumba alikuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, kwa sheria ya 1990 (NHC yenyewe ni ya mwaka 1962). Kodi zilidhibitiwa kwa miaka mingi, na sheria ya mwisho ya udhibiti, ya 1984, ilifutwa 2005. Kodi ikiwa ndogo hakuna fedha ya rangi, wala sababu ya kubomoa na kujenga upya. Ndiyo maana zile roshani za Uhindini bado zipo. Wapenda majengo ya kale tunashukuru, ingawa hakuna aliyekusudia kutufurahisha.

Tuje kwenye benki. Serikali ilianzisha Benki ya Nyumba, THB, ikafungua milango 1973. Mfanyakazi Mwafrika wa kawaida akawa na mahali pa kukopa akajenga. Miaka ya 1980 bei zilikuwa zinapanda kwa kiwango cha asilimia 30 hivi kwa mwaka. Ukiwa na deni la shilingi laki mbili, miaka michache baadaye laki mbili hiyo ni fedha ya kununulia vitu vidogo tu. Mfumuko wa bei ulikula deni lako huku nyumba ikiwa imesimama. Kwa hiyo kipindi kile aliyekopa ndiye mjanja, na aliyetunza noti chini ya godoro ndiye aliyeliwa. Tena noti za godoro zilikuwa na hatari nyingine: katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983, kukutwa na fedha nyingi nyumbani ilikuwa balaa. Watu waliogopa fedha zao wenyewe.

Lakini fedha iliyoliwa ilikuwa ya mtu, na mtu huyo alikuwa THB. Riba ndogo, mfumuko mkubwa, mikopo isiyorejeshwa. Mwaka 1995 benki ikafa. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya muongo mmoja, nchi yetu haikuwa na mahali pa maana pa kupata mkopo mrefu wa nyumba.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi. Biashara ikafunguka, na biashara ikifunguka Dar inafungukia Kariakoo. Kufikia miaka ya 1990 kila mtu anataka fremu pale, na benki ya nyumba ndiyo kwanza inazikwa. Kulikuwa na kiwanja chenye thamani ya ajabu, mwenye kiwanja asiye na fedha, na hakuna wa kumkopesha. Hayo maghorofa yamejengwa na nini?

Sehemu kubwa yamejengwa na mpangaji. Hili ndilo jibu ambalo rafiki yetu wa taslimu na yule wa rehani wote hawalitaji. Anakuja mfanyabiashara mwenye mtaji, anakaa na familia ya marehemu bibi. Mkataba: mimi nitabomoa na kujenga ghorofa kadhaa, nitachukua fremu za chini na vyumba vya biashara kwa miaka tutakayokubaliana, ninyi mtapata sehemu yenu juu pamoja na fedha za kuanzia, muda ukiisha jengo linarudi kwenu. Naye mwenye mtaji hajengi kwa fedha yake yote. Anauza nafasi kabla ya nguzo kusimama. Mpangaji wa fremu analipa kodi ya mwaka, miaka miwili, mitatu, mkupuo, na juu yake anatoa kilemba.

Kilemba kinastahili sentensi zake. Bombay, fedha anayotoa mpangaji ili apewe mahali wanaiita pagri, na pagri ni kilemba kile cha kuvaa kichwani. Sisi nasi tulikuwa na kilemba chetu, ile heshima anayopewa mjomba kwenye harusi au fundi aliyefundisha mtoto kazi. Desturi mbili za bahari moja zikakutana kwenye mlango wa duka. Kodi ilipodhibitiwa na sheria, kilemba ndicho kilichobeba bei halisi ya mahali. Sheria ikafutwa, kilemba kikabaki, na mpaka leo dalali wa Kariakoo atakutajia kodi kwanza, halafu atashusha sauti akutajie kilemba.

Kwa lugha ya mahesabu, mpangaji wa Kariakoo ni benki. Anatoa fedha nyingi mwanzoni, anarudishiwa kidogo kidogo kwa kutumia chumba. Hana dhamana na hana hati. Mwenye jengo akikorofishana na ndugu zake mahakamani, mpangaji ndiye anayekuta kufuli. Huu ni mkopo kamili, ila hatari yake yote imehamishiwa kwa mtu anayeuza vitenge na vifaa vya simu.

Mwaka 2008 sheria zikaja kurekebisha mambo. Ya mikopo ya nyumba iliirahisishia benki kuuza dhamana mkopaji akishindwa. Ya umiliki wa sehemu za jengo ikawezesha ghorofa moja kuwa na hati nyingi, kila mwenye nyumba na yake, maana bila hiyo huwezi kuweka rehani nyumba yako ya ghorofa ya nne. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC ya kuzipa benki fedha za muda mrefu. Wakati ule riba za nyumba zilikuwa asilimia 22 hadi 24, na miaka ya karibuni zimeshuka mpaka kati ya 15 na 19. Ni hatua. Lakini mikopo yote ya nyumba nchini haijafika asilimia moja ya pato la taifa. Hapo utajua maghorofa unayoyaona hayakutoka huko.

Haya, tupige hesabu, kwa namba za mfano. Umekopa milioni 100, riba asilimia 15, miaka 15. Marejesho ni shilingi milioni 1.4 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa milioni 252. Ukinyoosha mpaka miaka 25, mwezi unashuka kufika kama milioni 1.28 tu, lakini jumla inapaa mpaka milioni 384. Umeongeza miaka kumi ya kudaiwa ili upunguziwe laki moja na ishirini. Sasa jiulize nyumba ya milioni 100 na ushee, huko Tabata au Mbezi, inapangishwa shilingi ngapi. Tuseme laki sita, tuseme nane. Mpangaji halipi deni lako, analipa nusu yake, nyingine inatoka kwenye mshahara wako. Na yule muujiza wa miaka ya 1980 haupo tena. Kuanzia 2017 hivi bei zimekuwa zikipanda kwa asilimia tatu mpaka tano kwa mwaka, hivyo deni la asilimia 15 halimomonyoki, linakukodolea macho. Anayekwambia "wenzetu Marekani" anakusimulia nchi ambayo mtu hufunga riba ndogo kwa miaka 30. Ni hadithi nzuri, ila si ya hapa.

Kwa hiyo yule wa taslimu kashinda? Subiri kidogo. Nyumba inayojengwa miaka kumi haina kodi kwa miaka kumi, na nondo zinapata kutu. Halafu kuna jambo ambalo taslimu haileti na rehani inaleta: macho. Benki kabla ya kutoa fedha inatuma mthamini, inataka ramani iliyopitishwa, inataka hati isiyo na mgogoro, na kama ni nyumba ya familia sheria inadai ridhaa ya mwenzi wako. Usumbufu mtupu, kila mkopaji atakwambia. Lakini jengo la taslimu na kilemba linaangaliwa na nani? Kila fremu ya ziada ni kilemba cha ziada, na kishawishi cha kuongeza ghorofa au kuchimba chini kutafuta chumba kingine hakina wa kukizuia isipokuwa mkaguzi wa manispaa.

Machi 2013 jengo la ghorofa nyingi likiwa linajengwa lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, kona ya Mchikichi na Congo, jengo la ghorofa nne lililokuwa limejaa wafanyabiashara Jumamosi asubuhi. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo, mtaa kwa mtaa. Nilipokuwa nafuatilia habari ile kilichonigusa ni wapangaji. Waliofukiwa ni walewale waliokuwa wameshalipa kodi ya mbele.

Na mkopo mkubwa nao si kinga. NHC yenyewe, yenye majengo na hati kuliko yeyote mjini, ilikopa miaka ya 2010 ikaanza miradi kama Morocco Square na Seven Eleven ya Kawe. Ikasimama miaka kadhaa, zege limekauka na riba haikaukii, mpaka ilipoendelea tena miaka ya 2020. Jengo lisilokwisha ni baya kwa mwenye taslimu. Kwa mwenye deni ni baya mara mbili.

Labda ndiyo sababu mwaka 2022 NHC ilizindua upya sera yake ya ubia. Shirika linatoa kiwanja, mwenye mtaji anatoa fedha, wanajenga, wanagawana. Mnaukumbuka mkataba huo? Ni uleule wa wajukuu wa bibi wa Mtaa wa Nyamwezi. Mrithi wa Msajili wa Majumba, aliyepokea mjini kati yote bila kununua tofali, leo ana ardhi na anatafuta mtu mwenye taslimu, kama familia yoyote ya Kariakoo. Baadhi ya viwanja vinavyotakiwa kwa ubia vipo Kariakoo yenyewe na mitaa ya jirani, vina nyumba za ghorofa mbili za zamani, na ndani yake kuna wapangaji ambao wengine wamerithi upangaji kutoka kwa wazazi wao. Wao wanasubiri notisi, na wanasubiri kujua kilemba cha safari hii kitatozwa nani.